Ulikuwa Unalinda Nini?

Hotuba kwa wazazi na vijana wa jamii ya Waswahili wanaoishi Uingereza, kuhusu uchunguzi wa umma wa magenge yaliyonyonya watoto kingono

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, masheikh na wachungaji mliofika, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokubali kuja Jumamosi kama hii: naomba itifaki ionekane imezingatiwa. Shikamooni wakubwa zangu.

Nimeombwa nizungumzie tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ya nchi hii kuhusu magenge ya wanaume waliowarubuni watoto na kuwatendea ukatili wa kingono. Najua wengi mmeisikia kwenye taarifa ya habari, mkawaona wanasiasa wakirushiana maneno, halafu mkabadilisha chaneli kwa sababu watoto wako sebuleni. Leo wadogo wako chumba cha pili na walezi wao, kwa hiyo nitasema waziwazi. Yale ya kuumiza nitayagusa pale tu inapobidi.

Nianzie Rotherham, mji wa viwanda vya chuma na migodi ya makaa ya mawe, kusini mwa Yorkshire. Mwezi Agosti 2014 Profesa Alexis Jay, mtu aliyefanya kazi ya ustawi wa jamii maisha yake yote, alitoa ripoti aliyotakiwa kuiandika na halmashauri ya mji huo. Alikadiria kwamba kati ya mwaka 1997 na 2013, watoto wasiopungua 1,400 walitendewa ukatili huo. Wengine walikuwa na miaka 11. Na hicho alikiita kiwango cha chini, kwa sababu alihesabu kwa tahadhari.

Mbinu ilifanana mji hata mji. Kwanza anakuja kijana mwenye gari. Anamkuta binti nje ya shule, kituo cha basi, au nje ya nyumba ya kulelea watoto. Anampa chipsi, sigara, vocha ya simu, anamwambia kwamba yeye ni mrembo na kwamba nyumbani hawamwelewi. Binti anaamini amepata mpenzi. Baada ya muda mpenzi huyo anamtambulisha kwa marafiki na binamu zake, kuna pombe, kuna dawa za kulevya, na sasa anaambiwa ana deni la vyote alivyopewa. Akikataa anatishiwa, au wanamtishia mdogo wake, au mama yake. Profesa Jay alikuta kesi za watoto waliomwagiwa petroli na kuambiwa watachomwa moto, na wengine waliotishwa kwa bunduki.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo lilipo jambo lililonileta.

Watoto wale walisema. Tunapenda kuamini kwamba mambo haya yaliendelea kwa sababu yalikuwa siri, na kwamba watu wazima wangejua wangechukua hatua. Si kweli. Rotherham kulikuwa na mradi wa vijana ulioitwa Risky Business, ulioanzishwa mwaka 1997, na wafanyakazi wake walikusanya majina ya watoto, majina ya wanaume, namba za magari, anwani za nyumba. Walizipeleka kwa polisi na halmashauri. Ripoti tatu ziliandikwa, mwaka 2002, 2003 na 2006. Ya kwanza ilizimwa na wakubwa waliosema hawaamini yaliyomo. Zile mbili zilizofuata zilisambazwa kwa polisi na halmashauri, na hakuna la maana lililofanyika.

Baba zangu mliopo hapa, chukueni hili moja. Katika mafaili ambayo Profesa Jay aliyasoma, wapo akina baba wawili waliowatafuta mabinti zao wenyewe, wakaigundua nyumba walimokuwa wakitendewa ukatili, wakaenda kuwatoa. Polisi walipofika, waliowakamata ni wale akina baba.

Twende Rochdale, karibu na Manchester. Mwaka 2008 binti mmoja alikamatwa kwa kuvunja vitu kwenye duka la vyakula. Alipofika kituoni alieleza kwa nini alikuwa na hasira: alieleza wanaume, alieleza vyumba, na akatoa nguo yenye ushahidi wa kitaalamu. Mwaka uliofuata ofisi ya waendesha mashtaka ikaamua kutoshtaki, ikisema baraza la wazee wa mahakama halitamwamini. Wanaume wakaachwa, na wakaendelea na wasichana wengine. Kulikuwa na mhudumu wa afya ya uzazi mjini humo, Sara Rowbotham, aliyekuwa akiwapokea wasichana hao na kuandika taarifa moja baada ya nyingine kwenda kwa mamlaka, kwa miaka. Hazikusikilizwa. Mpaka 2011, Nazir Afzal alipoteuliwa kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa kaskazini magharibi, akalifungua upya lile faili na kusema uamuzi ulikuwa wa makosa. Mei 2012 wanaume tisa walitiwa hatiani. Ushahidi uliowafunga ulikuwa mwingi wao ule ule, na binti alikuwa yule yule. Tofauti ilikuwa mtu mmoja aliyeamua kumwamini.

Kwa hiyo swali la tume hii mpya, kwa maoni yangu, si nani alitenda. Hilo ni la polisi na mahakama, na wapo mamia wanaotakiwa kujibu. Swali la tume ni lile ambalo mahakama haiwezi kumuuliza mtu aliyekaa ofisini na faili mezani: ulijua, sasa ulikuwa unalinda nini?

Maana kila mmoja alikuwa na kitu cha kulinda, na kitu hicho hakikuwa mtoto.

Polisi walikuwa wanalinda rasilimali zao. Manchester, mwaka 2004, ilianzishwa operesheni iliyoitwa Augusta baada ya binti wa miaka 15 aliyekuwa chini ya uangalizi wa serikali kufariki. Wapelelezi walipata watoto wasiopungua 57 walioonekana kuwa waathirika, na majina ya watu 97 wa kufuatiliwa. Mwaka 2005 ikafungwa. Ripoti iliyotoka Januari 2020 ilionyesha kwamba wakubwa waliona rasilimali zinahitajika kwingine. Watu 97, ndugu zangu, na faili likarudishwa kabatini.

Halmashauri zilikuwa zinalinda jina la mji. Baada ya ripoti ya Jay, Louise Casey alitumwa na serikali kuikagua halmashauri ya Rotherham. Mapema mwaka 2015, miezi mingi baada ya ile hesabu ya 1,400 kutangazwa dunia nzima, alikuta bado wapo viongozi wanaobisha. Serikali iliwanyang'anya madaraka na kuleta makamishna kutoka nje.

Na wengine walikuwa wanalinda usalama wa maneno yao. Hapa naomba utulivu, kwa sababu ni mahali ambapo watu wengi huteleza ama kushoto ama kulia.

Rotherham, Rochdale na miji kadhaa mingine, wengi wa wanaume waliotajwa na watoto walikuwa wenye asili ya Pakistan. Huo ni ukweli, na wapo wafanyakazi waliomwambia Profesa Jay kwamba waliogopa kuuandika wasije wakaitwa wabaguzi wa rangi. Juni 2025 Louise Casey, safari hii akiwa Baroness, yaani mjumbe wa Bunge la juu la nchi hii, alitoa ukaguzi wa kitaifa kuhusu magenge haya na akakuta kwamba theluthi mbili ya watuhumiwa katika kumbukumbu za taifa hawakuandikwa asili yao kabisa. Takwimu za taifa zikawa hazifai kusema lolote kwa uhakika. Lakini kwa maeneo matatu ya polisi aliyoyachunguza, Greater Manchester, South Yorkshire na West Yorkshire, alikuta wanaume wenye asili ya Asia wamezidi kiwango chao katika idadi ya watu.

Sisi ni wageni katika nchi hii, au wazazi wetu walikuwa wageni. Tunajua uchungu wa kosa la mmoja kubandikwa kwa wote. Tunajua mtu akivunja sheria mtaani, kesho yake mtoto wako anaangaliwa kwa jicho baya kwenye basi. Kwa hiyo naelewa kwa nini masikio yetu yanasimama linapotajwa kabila la mtu. Ila kukaa kimya hakukuwalinda Wapakistani wa Rotherham hata kidogo. Kuliwaachia watu wenye chuki uwanja mzima, wakautumia ukweli ulioachwa barabarani kushambulia misikiti na familia zisizohusika. Na msisahau kwamba Nazir Afzal, aliyelifungua lile faili la Rochdale, ni mtoto wa familia ya Kipakistani.

Kuna ukurasa katika ripoti ya Jay ambao hautajwi sana kwenye televisheni, na ndio ninaoona unatuhusu sisi zaidi ya zote. Anasema wapo pia wasichana wa jamii hiyo hiyo ya Kipakistani waliotendewa ukatili. Hao walikaa kimya kuliko wote. Waliogopa aibu. Waliogopa kuambiwa wameichafua familia, kwamba hawataolewa, kwamba baba hatainua uso msikitini. Wanaume wale walilijua hilo na walilitumia.

Mama zangu, haya si mageni kwetu. Nani kati yetu hajakaa kwenye kikao cha ukoo ambapo jambo la namna hii lilimalizwa kimyakimya? Mjomba anaonywa, binti anapelekwa kwa shangazi mji mwingine, mambo yanafunikwa, na sikukuu inayofuata wote wanakula sinia moja. Tunaita kusitiri. Dini zetu zinatufundisha kusitiriana, ni kweli, lakini sitara ni ya aliyeumizwa, haijawahi kuwa ya aliyeumiza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mwenye kuumbuka huwa ni yule binti, akiwa na miaka 30, hawezi kulala, hawezi kumwamini mume, na hajui aanzie wapi kusimulia.

Nirudi kwenye tume yenyewe, maana nimeombwa niieleze.

Nchi hii haijapungukiwa na chunguzi. Mwaka 2014 hiyo hiyo, serikali ilitangaza uchunguzi mkubwa wa ukatili wa kingono dhidi ya watoto katika taasisi zote: makanisa, shule, halmashauri, Bunge. Ulibadilisha wenyeviti watatu kabla ya Profesa Jay kuukamata mwaka 2016. Manusura zaidi ya 6,000 walikwenda kusimulia yaliyowapata. Oktoba 2022 ripoti ya mwisho ikatoka na mapendekezo 20, mojawapo likiwa ni kuifanya sheria kuwa mtu mwenye dhamana ya watoto akijua na asiripoti, awajibike. Mwaka huo huo, mwezi Julai, uchunguzi wa mji wa Telford ulioongozwa na wakili Tom Crowther ulisema watoto zaidi ya 1,000 waliteswa kwa miongo kadhaa. Miaka ikapita, mapendekezo yakabaki karatasini. Watu 6,000 walifungua vidonda vyao mbele ya wageni, na majibu yakawa ni kusubiri. Hilo linanikasirisha mpaka leo, na sitalificha.

Ukaguzi wa Casey wa Juni 2025 ulitoa mapendekezo 12. Serikali ilikubali yote, na Waziri Mkuu Keir Starmer, aliyekuwa amekataa kwa miezi, akakubali uchunguzi wa kitaifa. Kuuanzisha nako kukawa na mitihani. Oktoba 2025 baadhi ya manusura waliokuwa katika jopo la ushauri walijitoa, wakisema wanaogopa uchunguzi utatanuliwa mpaka magenge yasahaulike. Pia waliwakataa watu wawili waliokuwa wakifikiriwa kuwa mwenyekiti, kwa sababu mmoja alitoka polisi na mwingine ustawi wa jamii. Wote wawili waliondoka. Mimi natoka kwenye kazi hiyo hiyo ya ustawi wa jamii, na nasema wale wanawake walikuwa na haki. Mtu aliyetelekezwa na ofisi fulani hawezi kulazimishwa aiamini ofisi hiyo kwa sababu tu imebadilisha kiti.

Desemba 2025 aliteuliwa Baroness Anne Longfield, aliyewahi kuwa Kamishna wa Watoto wa England. Amepewa miaka mitatu na pauni milioni 65. Mji wa Oldham umeshatajwa kuwa miongoni mwa miji itakayochunguzwa, na mingine itafuata.

Tume hii ina nguvu za kisheria zinazotokana na Sheria ya Uchunguzi ya mwaka 2005, na hapo ndipo ilipo tofauti na ripoti kama ile ya Rotherham. Inaweza kumwita mtu kwa lazima aje atoe ushahidi chini ya kiapo. Inaweza kuagiza halmashauri au polisi walete nyaraka, na anayeharibu au kuficha nyaraka anatenda kosa la jinai. Haiwezi kumfunga mtu wala kumtia hatiani, hiyo si kazi yake. Inachoweza ni kumweka kiongozi mstaafu kwenye kiti, hadharani, imfunulie barua aliyoisaini mwenyewe miaka 20 iliyopita, imwombe aieleze.

Sambamba na tume, polisi wameagizwa kuyarudia mafaili yaliyofungwa. Ilipotangazwa, zaidi ya kesi 800 zilikuwa zimeshatambuliwa kuwa zinastahili kupitiwa tena, na kazi hiyo inasimamiwa na Shirika la Taifa la Kupambana na Uhalifu.

Yapo mambo mawili katika mapendekezo ya Casey ambayo kila mzazi hapa anapaswa kuyajua.

La kwanza ni kuhusu kosa lenyewe. Umri wa kuridhia katika nchi hii ni miaka 16. Lakini kwa muda mrefu, mtu mzima aliyemwingilia mtoto wa miaka 13, 14 au 15 angeweza kushtakiwa kwa kosa dogo kuliko ubakaji, ikidaiwa kwamba mtoto "alikubali". Mtoto aliyeleweshwa pombe na mwanaume wa miaka 30 amekubali nini? Casey ametaka kesi hizo zishtakiwe kama ubakaji, moja kwa moja. Na ametaka watoto waliowahi kutiwa hatiani kwa ukahaba, ndiyo, watoto, wakati walipokuwa mikononi mwa watu hawa, kumbukumbu hizo zifutwe. Wapo wanawake leo ambao kila wakiomba kazi ya kulea watoto au kuhudumia wazee, rekodi ya kuteswa kwao inatokea kwenye karatasi kama kosa lao.

La pili ni teksi. Najua wapo ndugu zetu hapa wanaoendesha teksi usiku na mchana kuwalisha watoto wao, na kazi yenu ni ya heshima. Lakini teksi zimejitokeza katika miji mingi ya mikasa hii, kwa sababu dereva wa usiku ndiye anayekutana na mtoto aliyetoroka. Kuna mwanya unaomruhusu mtu achukue leseni halmashauri moja yenye masharti mepesi, aende kufanya kazi nyingine yenye masharti makali. Casey ametaka mwanya huo uzibwe. Ukifika utaratibu mpya msiupokee kama adhabu. Na ninyi madereva mnaona mambo ambayo mimi wa ofisini siyaoni: binti wa miaka 13 anapandishwa gari saa saba usiku, nauli inalipwa na mwanaume ambaye hapandi. Usimpeleke huko halafu ukasema hayakuhusu. Piga 999.

Vijana, nanyi nina neno. Leo kuanza kwa mambo haya mara nyingi ni kwenye simu: mtu mnayecheza naye mchezo mtandaoni, anayekusifia, anayekuomba picha, kisha anakutisha kwa picha hiyo hiyo. Ukijikuta hapo, hujakosa. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na asipokusikia mwambie mwingine, na mwingine tena.

Na sisi watu wazima, binti au kijana wa kiume, maana na wavulana wanatendewa haya, akija kusema, kuna maswali yasitutoke mdomoni. Ulivaa nini? Ulifuata nini huko? Kwa nini hukusema mapema? Ni kutoaminiwa kule kule alikokutana nako yule binti wa Rochdale, ila kwa lugha ya nyumbani. Msikilize, mwambie unamwamini, andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe pamoja na tarehe, na usimkabili mtuhumiwa mwenyewe. Piga polisi, au piga NSPCC, shirika la hisani la kulinda watoto, namba 0808 800 5000, ambayo ni ya watu wazima wenye wasiwasi juu ya mtoto. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga Childline, 0800 1111, bure.

Mwisho, nazungumza na mtu mmoja mmoja. Katika ukumbi wenye watu wengi hivi, haiwezekani asiwepo aliyepitia haya, hapa au nyumbani Afrika. Inawezekana umekaa nayo miaka 20. Sheria ya England na Wales inakupa haki ya jina lako kutotangazwa na chombo chochote cha habari, tangu unapotoa malalamiko, kwa maisha yako yote, hata kesi isipofika mahakamani. Kosa la ubakaji hapa halina ukomo wa muda. Lililotendeka mwaka 1995 linaweza kushtakiwa leo. Kama lilitendeka katika mji unaochunguzwa, tume itakuwa na njia ya kukupokea, na unaweza kuomba kwenda na mtu wa kukusindikiza na mkalimani wa Kiswahili usiyefahamiana naye. Omba asiwe wa mtaa wenu, watakuelewa.

Mimi na wenzangu wawili tutabaki hapa mpaka saa mbili usiku. Maswali ya hadharani tuyapokee sasa, Mwenyekiti, na mwenye la faragha atusubiri kule ofisini, hataandikishwa jina mlangoni. Asanteni sana.